Naomba ushauri: filta ya AC ya IST, mshale uelekee wapi?

Wakuu, habarini. Natumia Toyota IST hapa Dodoma, na kila wiki naingia vijiji vya Bahi kwa barabara ya vumbi. Tangu kiangazi kianze upepo wa AC umepungua sana, na nikiwasha tu unakuja na harufu ya udongo. Mwanangu ana pumu, anaanza kukohoa kabla hatujafika Nala. Hilo ndilo linaniumiza.

Jana nilishusha droo ya dashibodi, nikachomoa kifuniko cha plastiki nyuma yake. Filta nyeusi tii, imejaa vumbi na majani makavu ya mwarobaini! Fundi mmoja kaniambia niipulize kwa kompresa niirudishe. Siafiki. Karatasi iliyochoka hivyo itatoboka, halafu vumbi laini, lile baya kwa kifua, litapita lote.

Nimenunua mpya, ila nimekwama kwenye mshale wa ubavuni. Ya zamani ulielekea juu, lakini nikishika kipande cha karatasi pale ndani, feni inakivuta kwenda chini. Je, mshale ni wa mwelekeo wa upepo, au unaonyesha tu upande wa juu wa filta?

Pia vumbi lililomwagikia kwenye feni nilitoeje bila kuifungua? Nina brashi ya rangi tu. Na kwa wenye magari huku kwetu, mnabadilisha baada ya muda gani? Naona kilomita 15,000 ni nyingi mno kwa vumbi hili.

Droo bado iko nje, nasubiri majibu yenu.