Bolivia: Wakala anakulaza mita 4,300 usiku wa kwanza, ukizidiwa anakwambia tafuna majani

Wakuu, leo sizunguki. Kama unapanga ile safari ya gari ya siku tatu kutoka San Pedro de Atacama, Chile, kwenda Uyuni, Bolivia, soma hapa kabla hujatuma hela kwa mtu yeyote.

Picha mmeziona: ziwa jekundu, ziwa la kijani, volkano na flamingo. Vyote vipo, sibishi. Laguna Colorada ni nyekundu kweli, kwa sababu ya mwani na mashapo yake, na ndani yake kuna visiwa vyeupe vya boraksi, madini yanayofanana na chumvi. Ugomvi wangu ni na wakala aliyeniuzia safari, ambaye katika maelezo yake marefu, mpaka menyu ya chakula cha mchana ameiweka, hakutaja popote kwamba tungepanda juu kiasi gani.

Sasa piga hesabu. San Pedro iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi mnavuka mpaka Hito Cajón, na alasiri hiyohiyo mko kwenye matope yanayochemka ya Sol de Mañana, karibu mita 4,850. Hapo ni juu kuliko Kibo Hut! Kilimanjaro kwa njia ya Marangu mtu analala Mandara, analala Horombo, ndipo anafika Kibo, na bado wapo wanaotapika. Sisi tulifika tumekaa kwenye siti. Kisha mnashuka kidogo, mnalazwa jirani na Laguna Colorada, mita 4,300 hivi. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku. Hawa wamepandisha kama 1,900 kwa mkupuo.

Usiku ule hakuna aliyelala. Mama mmoja wa Kibrazili, mtu mzima, alianza kutapika, akawa anahema hata akiwa amekaa, midomo ikageuka rangi. Tukamwamsha dereva alete mtungi wa oksijeni, maana tangazo lilisema kila gari lina mtungi. Ukaletwa. Geji inasoma sifuri. Sifuri, wakuu! Kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni ndiyo kabisa, hawajawahi hata kukinunua. Dereva akatoa mfuko wa majani ya koka, akasema tafuneni.

Koka siidharau, watu wa Andes wametafuna vizazi na vizazi. Lakini mtu ambaye huenda mapafu yake yanajaa maji anatakiwa oksijeni na kushushwa chini haraka. Aliyemwokoa yule mama ni dereva wa kampuni nyingine iliyolala palepale: mtungi wake umejaa, kifaa cha kidoleni anacho, na alfajiri akamteremsha. Kwa hiyo msiniambie jangwani ndivyo kulivyo. Jangwa ni lilelile, aliyejiandaa alijiandaa.

Mengine nayapitisha haraka. Land Cruiser, abiria sita, mkanda wa siti unaofunga mmoja. Joto la chumbani lililoahidiwa ni blanketi la ziada. Laguna Verde tuliikuta upepo haujaamka, na bila upepo kuyatibua yale madini maji hayana ukijani wowote, ila hilo namsamehe, upepo hana mkataba nao.

Kinachoniuma ni kwamba safari hiyohiyo inawezekana kwa kuigeuza. Ukianzia Uyuni, takriban mita 3,650, unakaa pale kwanza mwili uzoee, unapita kwenye lile tambarare kubwa la chumvi la Uyuni, maziwa ya juu yanakuja mwishoni na ukimaliza tu unateremka San Pedro. Wakala anayajua haya fika. Ila wateja wanamkuta San Pedro, basi anawapakia wakiwa hivyohivyo.

Nimemwandikia anirudishie hela. Jibu: "Wateja wetu wengi hawapati tatizo lolote." Ya mtungi mtupu hata hakuigusa.

Jina lake siliweki kwa sasa, dai bado liko mezani. Mwenye uzoefu wa kudai hela kupitia benki iliyotoa kadi, huduma imelipiwa Chile ikafanyika Bolivia, naomba aje na maelekezo. Na nyie wa "wewe mlaini tu", tulieni kwanza nimalizane na wakala, zamu yenu inakuja.