Busta ya simu: kwa nini iuzwe kama kuiwasha ni kosa?

Mkaa Bondeni: Wadau, huku kwetu Lushoto mtandao unashika barabarani, nyumbani hola. Kariakoo nimeonyeshwa busta, kifaa cha kuongeza nguvu ya mtandao wa simu: antena juu ya bati, kiboksi ndani. Jamaa ananiambia TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, wakikukuta nayo umekwisha. Sasa kwa nini iuzwe mchana kweupe?

Fundi Waya: Bangi nayo inauzwa. Masafa yale kampuni za simu zimepewa leseni, wewe unarusha humo kama nani? Sheria ya mawasiliano ya 2010 inataka kifaa kiidhinishwe kwanza. Antena ya nje ikianza kudaka ya ndani, busta inapiga yowe kama maiki mbele ya spika, na mnara unashindwa kusikia simu za wenzako. Kijiji kizima mnakosa. Ukishindwa, hamia mjini.

Mama Shamba: Tuhamie mjini? Kabichi na karoti unazokula huko nani atakulimia?

Fundi Waya: Dada, mimi nimeongelea masafa.

Mama Shamba: Umeongelea kuhama. Panda juu usome ulichoandika.

Dogo Tesa: Marekani ruksa, unajiandikisha tu kwa kampuni yako ya simu. Uingereza nao 2018 wakaruhusu za ndani ya nyumba. Sisi kila kitu marufuku.

Fundi Waya: Wameruhusu zenye viwango, zinazojizima zikianza yowe. Siyo kiboksi chako kisicho na jina.

Mzee Ruta: Na sisi wa Wi-Fi? Nimefunga antena ndefu, tutafungwa?

Fundi Waya: Ile 2.4 GHz, masafa ya Wi-Fi, ni ya wote mzee, ila nguvu ya kurusha ina kikomo. Kwanza itoe ruta nyuma ya TV, iweke juu, jaribu chaneli 1, 6 au 11. Wengi hawahitaji antena yoyote.

Mkaa Bondeni: Jamani, na mimi wa bondeni?

Mama Shamba: Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo kwa ajili ya minara ya vijijini. Andikeni barua na diwani wenu. Wanaotuhamisha wasubiri karoti zao.

Fundi Waya: Hilo la mnara nakubali. La karoti unanionea.

Dogo Tesa: Kwani gunia la karoti huko sasa hivi shilingi ngapi?

Mama Shamba: Njoo inbox. Fundi bei yake tofauti.