Mrejesho: sampuli zangu za RNA ya muhogo

Wakuu, nimerudi kutoka mkutanoni Kampala. Niliwauliza kama mimea miwili ya muhogo kwa kila kundi, la wagonjwa na la wazima, inatosha kuonyesha jeni zinazoamka ugonjwa wa michirizi ya kahawia unapoingia. Hizo huonekana kwa RNA, yaani nakala ambazo jeni hutoa zikiwa kazini. Mkasema hapana, angalau mitatu, nikaweka minne. Asanteni sana! Swali la kwanza ukumbini lilikuwa hilohilo.

Kilichoniuma ni sampuli tatu kati ya nane kuharibika, maana barafu iliyeyuka njiani kutoka shambani Luweero. RNA haivumilii kama DNA. Vimeng'enya vya jani lenyewe huikatakata upesi. Dada mmoja mtafiti alinishauri nigandishe majani kwa naitrojeni ya kimiminika palepale shambani. Mtungi nimeshaazima, Jumatatu narudi Luweero.