Mumiani: kwani nani alikuwa anamla nani?

Kijana wa Ngamiani:
Wakuu salaam. Marehemu bibi yangu, mzaliwa wa Pangani, alikuwa hataki kuona mtoto nje ya ua magharibi ikiadhiniwa. Sababu ilikuwa moja tu: mumiani. Eti anapita na gari jekundu la zimamoto, akikukamata anakuning'iniza miguu juu kichwa chini, damu inachuruzika kwenye karai, kisha inapelekwa kwa Wazungu ikatengenezwe dawa.

Sasa juzi nasoma maandishi ya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, nakuta kila wakivuka mto wanaambiwa watu wa ng'ambo ya pili wanakula watu. Nao wanaandika hivyo hivyo, bila kuona chungu wala mfupa. Bibi anasema Mzungu ndiye mla watu, Mzungu anasema ni sisi. Kuna mwenye habari za uhakika? Matusi kaeni nayo.

Chapati Mbili:
Bibi yako alitaka mlale mapema apumzike, basi. Wangu alitumia fisi.

Jirani wa Makumbusho:
Kuna mfupa wa muundi uliokaa miaka mingi kwenye hifadhi ya makumbusho ya taifa hapa Nairobi, umetoka Koobi Fora, Turkana. Una miaka kama milioni 1.45. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba una alama tisa za kukatwa kwa jiwe, pale hasa nyama ya shavu la mguu inaposhikana na mfupa. Mtu alikuwa anachuna mnofu. Ila haijulikani kama mchinjaji na mchinjwa walikuwa jamii moja, maana siku hizo jamii za viumbe wa ukoo wetu zilikuwa zaidi ya moja. Kwa hiyo hata huyo tusimhukumu haraka.

Mzee wa Kibokoni:
Kijana wa Ngamiani, nimefanya kazi ya famasia miaka 34, na kabla ya hapo nililelewa dukani kwa mjomba wangu, Mji wa Kale, Mombasa. Duka la dawa za Kiarabu na Kihindi: habasoda, sanamaki, mvuje, shabu, manemane. Na kwenye saraka ya juu, ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa, mumiani.

Ndiyo, mumiani ilikuwa kitu cha kuuzwa. Donge jeusi linalong'aa kama lami, limefungwa kwenye karatasi. Mjomba alikuwa analigonga kwa nyundo ndogo, kipande kama punje ya mtama, kinayeyushwa kwenye samli ya moto, mgonjwa anakunywa au anapakwa. Dawa ya mifupa iliyovunjika na mikazo ya misuli. Nina kamusi ya Johnson ya 1939, imeeleza hivyo hivyo: utomvu mweusi unaosemekana kutoka Uajemi, ila wenyeji wengi wanaamini ni damu ya watu iliyoganda, na uvumi ukianza mjini watu hawatoki usiku. Bibi yako hakubuni kitu.

Sasa sikiliza neno lenyewe lilikopita. Kwa Kiajemi *mum* ni nta. *Mumiya* ilikuwa lami inayochuruzika kwenye miamba, na matabibu wa Kiislamu waliithamini sana. Maiti za kale za Misri zilikuwa zimepakwa vitu vyeusi vinavyofanana na lami hiyo, basi jina likahamia kwenye maiti. Daktari Abdul-Latif wa Baghdad, aliyekuwa Misri miaka ya 1200 hivi, anasimulia alivyonunua vichwa vitatu vilivyojaa kitu hicho kwa nusu dirhamu. (Huyu huyu ndiye aliyeandika habari za njaa kubwa ya Misri ya 1200 hadi 1202, Nile ilipokataa kujaa na watu wakalana. Anasema mwanzoni walishtuka, baadaye wakazoea. Kurasa zile nilizisoma mara moja, sikurudia.)

Wazungu walipozitafsiri dawa za Waarabu, kosa likakamilika: badala ya lami wakaagiza maiti. Zikasagwa, zikauzwa kwenye maduka ya dawa ya Ulaya kwa karne kadhaa, mtu anakunywa kwa kuvilia damu, kwa kikohozi, kwa kuanguka. Mwaka 1564 daktari mmoja Mfaransa, Guy de la Fontaine, alikwenda Alexandria kwa mfanyabiashara wa bidhaa hiyo. Akaonyeshwa rundo la maiti. Akauliza habari za wafalme wa kale, yule mtu akacheka: hizi nimezitengeneza mwenyewe, hakuna iliyozidi miaka minne, watumwa na wengineo, sijui hata walikufa kwa maradhi gani. Akaongeza kwamba anawashangaa Wakristo, watu wapenda vinono, kula maiti. Habari hii iliandikwa na Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, katika kitabu chake cha 1582 cha kuipinga dawa hiyo. Hawakumsikia.

Na haikuwa Misri tu. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alikuwa na matone yake yaliyokamuliwa kutoka mafuvu ya watu, na alipokuwa anakata roho mwaka 1685 madaktari walimnywesha hayo hayo. Ujerumani na Denmark wenye kifafa walisubiri na vikombe mahali pa kukatia watu vichwa. Hans Christian Andersen, yule mtunzi wa hadithi za watoto, aliona kwa macho yake wazazi wakimnywesha mgonjwa wao damu ya aliyenyongwa... samahani, aliyekatwa kichwa. Na kampuni ya Merck ya Ujerumani bado ilikuwa na mumia ya Misri kwenye orodha yake ya bei mwaka 1924.

Kwa hiyo bibi alikosea gari tu.

Mtu wa Katanga:
Mzee asante. Sisi huku Lubumbashi, enzi za Wabelgiji mji ukiitwa Elisabethville, wazee walikuwa na *batumbula*. Neno linatoka kwenye kutumbula, kama ninyi mnavyosema kutumbua: kupasua tumbo. Watu weusi waliotumwa na Mzungu usiku, wanakamata mtu, ananenepeshwa, analiwa. Kulikuwa na makopo ya nyama yenye picha ya mtu mweusi anayecheka, na watu walijiuliza: kopo lenye picha ya samaki lina samaki, hili je? Babu yangu alifanya kazi mgodini na hakuligusa kopo hilo mpaka anakufa. Sardini alikula.

Chapati Mbili:
Naondoa kauli yangu ya kwanza. Na leo silambi dawa yoyote.

Kijana wa Ngamiani:
Shikamoo mzee. Nimeshiba. Limebaki moja: ile ya saraka ya juu ya mjomba, ilikuwa lami au ilikuwa mtu?

Mzee wa Kibokoni:
Marahaba. Mwaka 1961 nilianguka kutoka kwenye mkunazi nikavunjika mkono wa kushoto. Fundi wa mifupa akanifunga mianzi na vitambaa, mjomba akaleta kijiko cha samli kina doa jeusi katikati linazunguka. Ilinuka moshi. Ladha yake chungu kidogo, inanata kwenye meno mpaka asubuhi. Mkono ulipona sawasawa, na kama mfamasia nakwambia ni ile mianzi.

Nilipokuja kujua hayo yote niliyoyaandika hapo juu, mjomba alikuwa hai bado, na duka lilikuwa wazi. Nilikwenda mara nyingi kumsalimia, nikanywa naye kahawa pale barazani. Saraka ilikuwa palepale. Sikumwuliza.