Ziara ya basi Ulaya nikiwa peke yangu: nijitose?

Mhasibu_wa_Umoja

Hamjambo nyote. Mimi ni mdada wa miaka thelathini na kitu, ninakaa Umoja na kufanya kazi ya hesabu Industrial Area. Tulikuwa marafiki wanne tuliopanga kwenda Ulaya kwa ziara ya basi, ile ya kushukishwa Paris, kupitishwa Uswisi na kumalizia Italia. Kundi la WhatsApp lilichangamka Januari yote. Wakati wa kulipa malipo ya kwanza ulipofika, mmoja akakumbuka ana harusi ya dada yake, mwingine ploti, wa tatu hata hajibu. Pesa zangu ziko tayari na likizo nimeomba.

Ninachoogopa ni kuwa yule mtu anayekaa peke yake nyuma ya basi huku wenzake wawili wawili wakipigana picha. Pia kampuni inataka nyongeza ya pesa kwa sababu nitalala chumba peke yangu, au nikubali kuwekwa na mwanamke nisiyemjua. Mama naye anasema mwanamke hatembei nchi za watu bila mwenzake. Kuna aliyewahi kwenda hivyo?

Kijana_wa_Rongai

Dada, kwa nini ulipe pesa zote hizo ili upangiwe saa ya kuamka na dakika za kwenda choo? Kata tiketi za treni, tafuta hosteli, zunguka unavyotaka. Ziara za basi ni za wazee.

Nesi_Mstaafu_Langata

Mwanangu, nitakujibu kwa kirefu, maana huyo kijana ameongea kama mtu mwenye magoti mapya.

Nilikwenda njia hiyo hiyo unayoitaja nilipostaafu unesi, na kampuni ya huko huko. Waafrika ndani ya basi tulikuwa mimi tu, na sikuwa nimeandamana na mtu. Wasiwasi wako wa kukaa nyuma peke yako uondoe. Viti havichaguliwi. Kila asubuhi mnahamishwa safu kwa zamu, ili aliyekaa karibu na dereva jana asijifanye amekinunua kile kiti. Baada ya siku chache utakuwa umekaa jirani na karibu kila mtu, na utajua nani ana mjukuu, nani ana sukari na nani hanyamazi. Mimi nilipewa sana kiti cha pembeni mwa mzee mmoja mjane kutoka Adelaide, mfugaji wa kondoo. Tukaongea bei ya dawa ya kuogeshea mifugo kutoka Dijon hadi mpakani mwa Uswisi.

Watakuuliza kuhusu simba. Waambie ukweli: Nairobi tuna mbuga ya simba ambayo ukisimama unaona maghorofa ya mjini. Hawataamini, kwa hivyo beba picha kwenye simu. Yule mama wa Toronto aliyeniuliza kama tembo pia wamo nilimwambia hapana, ila wale yatima wanaolelewa pale. Tangu hapo nikawa ndiye mwongozaji wa Kenya ndani ya basi la Ulaya.

Mahali utakapoumia ni jioni. Hili hakuna tangazo litakalokuambia. Mabasi makubwa hayaruhusiwi kuingia ovyo katikati ya miji ile ya kale, na hoteli za katikati ni ghali, kwa hivyo kundi hulazwa pembeni. Paris utalala nje ya ile barabara kuu ya mzunguko. Venice utalala Mestre, upande wa bara. Florence utalala karibu na barabara ya magari ya kasi. Mnafika saa kumi na mbili jioni, mnakula, halafu? Wenye wake na waume wanapanda vyumbani. Ile familia ya Mumbai ina karata zake. Wewe umekaa kitandani unatazama maegesho ya malori, na ikiwa ni Juni, jua la Paris linazama karibu saa nne usiku. Hapo ndipo utamkumbuka mama yako.

Kwa hivyo kabla ya kulipa usiulize abiria wenzako watakuwa watu wa aina gani. Uliza mtalala mtaa gani, na kituo cha treni kiko mbali kiasi gani kwa miguu. Mestre tulilala karibu na stesheni. Treni kuingia Venice yenyewe, stesheni ya Santa Lucia, ni kama dakika kumi. Mchana tulikuwa tumeingia pale kwa boti na kundi zima, tukaburutwa nyuma ya mwavuli wa mwongozaji hadi uwanja wa Mtakatifu Marko, hakuna pa kuweka mguu. Baada ya chakula nikarudi peke yangu. Watu wa mchana walikuwa wameshaondoka, vichochoro viko wazi, na wapiga makasia wa boti wanapiga soga kwa sauti. Nilitembea mpaka viatu vikanibana. Ningekuwa na mwenzangu aliyechoka, ningelala saa tatu.

Chumba: lipa hiyo nyongeza. Najua inauma, tena ni kama kutozwa faini kwa kutoolewa, lakini bei zao zimepigwa kwa hesabu ya watu wawili kitandani na hoteli haipunguzi kwa kuwa mto mmoja haukulaliwa. Wewe ni mhasibu, utaelewa. Kuna wanaokubali kulala na mgeni, na wapo waliopata rafiki wa kudumu humo. Mimi naamka saa kumi na moja kusali na sitaki kunyata gizani kwa ajili ya mtu. Mchana kutwa uko katikati ya watu karibu hamsini. Mlango wa kufunga usiku si anasa.

Pesa ya kufidia utaitoa kwenye zile safari ndogo za hiari wanazokuuzia ndani ya basi kwa kipaza sauti. Pale Uswisi walituuzia kupanda mlima Titlis kwa gari la kamba, kule juu kwenye theluji, zaidi ya mita 3,000. Mimi Point Lenana ya Mlima Kenya nimefika kwa miguu, mita 4,985, na barafu nimeiona, kwa hivyo nilibaki Lucerne. Nikavuka lile daraja la mbao, Kapellbrücke, la tangu karne ya 14, lililoungua sehemu kubwa mwaka 1993 wakalijenga tena. Michoro ya darini mingine imeteketea kabisa na nafasi zake unaziona. Halina kiingilio. Siku hiyo nilikula samaki wa ziwani kwa pesa ya Titlis na chenji ikabaki. Lakini kama hujawahi kugusa theluji, panda, usinisikilize.

Chakula cha jioni cha kundi kina siri yake. Ukichelewa kushuka utakuta wenza wameshakaa wanne wanne, na wewe unazunguka na sahani kama mhudumu. Shuka wa kwanza, keti kwenye meza ya watu sita, watakufuata wenyewe.

Kuhusu saa, kijana wa Rongai anadhani ni ukoloni. Ni sheria ya dereva. Kule Ulaya dereva wa basi akiendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kwa siku asizidishe saa tisa, isipokuwa mara mbili kwa wiki anapoweza kufika kumi. Kuna kifaa ndani ya gari kinachoandika kila kitu, na polisi wanakikagua. Mtu mmoja akichelewa robo saa akinunua saa ya ukutani, ratiba nzima inayumba. Sisi tuliozoea mabasi ya usiku ya Mombasa tunafaa kuipenda sheria hiyo.

Mwambie mama kwamba wezi wa mifukoni wako Paris kama walivyoko hapa, na aliyepita River Road jioni na mkoba wake ukabaki mzima hana la kufundishwa.

Karani_wa_Ngara

Niongeze upande wa visa. Angalia ziara inapoanzia. Nyingi huanzia London, na Uingereza haimo katika Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, kwa hivyo utahitaji visa mbili na ada mbili. Ya Schengen imekuwa euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Unaomba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, si ile utakayotua kwanza, ila kama usiku ni sawa ndipo unaangalia ya kuingilia. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000. Kwa wewe usiye na mume wala mtoto, barua ya mwajiri inayoonyesha likizo na siku ya kurudi kazini ina uzito sana. Weka pia stetimenti ya sacco.

Kama hayo yanakuchosha, Afrika Kusini Wakenya hatuhitaji visa tangu Januari 2023, hadi siku 90 kwa mwaka. Kuna ziara za basi kutoka Cape Town kupitia Knysna na Tsitsikamma. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau.

Mhasibu_wa_Umoja

Asanteni sana, hasa wewe mama wa Lang'ata. Ziara yangu inaanzia Paris, kwa hivyo visa ni moja. Nimewaandikia kampuni leo nikauliza hoteli. Wamenijibu upesi, wakanipa majina, lakini kila jina limefuatiwa na maneno "au hoteli nyingine ya kiwango hicho". Nimeyatazama kwenye ramani, la Venice liko Mestre karibu na stesheni. Je, nilipe?

Nesi_Mstaafu_Langata

Bado. Hayo maneno ndiyo mlango wa kukuhamishia mjini kwingine. Waandikie tena, waombe orodha ya hoteli walizolaza makundi ya mwezi huo huo mwaka jana, kwa ziara hiyo hiyo. Hoteli huwa hazibadiliki sana. Wakikupa, linganisha na hayo majina ya kwenye barua yao. Wakikataa, tafuta kampuni nyingine, ziko tele. Na uwaulize bakshishi ya dereva na kiongozi wa ziara ni kiasi gani kwa siku, maana mara nyingi haimo kwenye bei na wanaitaka taslimu.

Kijana_wa_Rongai

Mama, magoti yangu ni mapya kweli. Lakini hiyo ya Mestre usiku nimeiweka akiba.