Wanataka dada yangu arithiwe, wanatumia Kumbukumbu la Torati 25. Nijibu nini?

Kaka Mtu: Wapendwa, shemeji yangu alifariki mwezi wa tatu, ameacha mjane (dada yangu) na mabinti wawili. Siku ya kuanua tanga, baba yake mdogo marehemu alifungua Biblia mbele ya ukoo, akaweka kidole Kumbukumbu la Torati 25:5, akasoma: aliyekufa bila mwana, ndugu yake amchukue mjane. Akaifunga. Dada aliinamia kanga yake, kimya. Kikao kingine ni Jumamosi. Nijibu nini bila kumvunjia mzee heshima?

Mzee wa Zaburi: Pole sana, ndugu yangu. Mwombe mzee aendelee hadi mstari wa 10. Ndugu wa marehemu aliweza kukataa: mjane alimvua kiatu mbele ya wazee langoni, akamtemea mate usoni, basi. Tena mzaliwa wa kwanza alihesabiwa wa marehemu, ndiyo maana Onani alimnyima Tamari, mjane wa kaka yake, uzao (Mwanzo 38). Je, huyo anayetaka kurithi yuko tayari mtoto abebe jina la kaka yake na shamba liwe la mtoto huyo?

Mama Neema: Desturi yenyewe tusiibeze, jamani. Bila hiyo, mjane asiye na mtoto alibaki hana pa kushika. Ila mjane Ruthu alimfuata mwenyewe Boazi, jamaa ya marehemu mumewe, usiku, kwenye uwanja wa kupuria nafaka. Hakuburutwa na kikao. Ndipo Boazi akaita wazee kumi langoni, na jamaa wa karibu zaidi akajitoa akihofia urithi wake. Akazaliwa Obedi, babu yake Daudi.

Msomaji wa Torati: Kaka Mtu, jibu ni hao mabinti. Walimu wa Kiyahudi tangu kale wanasema hata binti mmoja anatosha kuiondoa sheria hiyo, na penye mtoto, kumwoa mke wa ndugu ni mwiko (Walawi 18:16). Hata Masadukayo, kundi la Wayahudi waliomhoji Yesu juu ya sheria hiyo, Mathayo 22:24, walisema "watoto", si "mwana". Kisha soma Hesabu 27: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, mabinti wa Selofehadi, walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao, wakapewa. Huko Israeli marabi wakuu waliamua mwaka 1950 kwamba hata mjane asiye na mtoto amvue shemeji kiatu tu, asirithiwe.

Kaka Mtu: Asanteni mno. Nimempigia dada, amesoma Hesabu 27 mara mbili. Anauliza kama Jumamosi anaweza kuisoma yeye.

Mama Neema: Asome yeye, na mabinti wakae pembeni yake.