Sabwufa (spika ya besi) ya inchi 12: boksi la kuziba au la bomba (lenye tundu la kupitisha hewa)?

JinjaSauti: Wakuu, sabwufa ni moja ya inchi 12, ampu wati 500 RMS (nguvu ya mfululizo), kwenye gari. Muziki ni kadongo kamu ya Uganda, rumba ya Lingala na raga. Nichonge boksi gani?

FundiNdeeba: Anza na karatasi ya spika. Gawa Fs (mtetemo wa asili wa spika, kwa Hz) kwa Qes (kipimo cha jinsi sumaku na koili zinavyoituliza koni). Ikitoka chini ya 50, ziba. Ikizidi 100, weka bomba. Hapo katikati ndipo muziki unaamua. Kadongo kamu ni gita na maneno: lita 30 za kuziba zinatosha, besi inagonga na kukatika papo hapo.

LiraMix: Na rumba, fundi? Uzi mnene wa gita la besi ni 41 Hz, na boksi dogo la kuziba hapo limeshaanza kuishiwa. Lita 55, bomba lenye upana wa ndani sm 10 na urefu sm 28, unapata noti ya bomba ya 35 Hz. Raga nayo itashiba.

FundiNdeeba: Umesahau gari lenyewe hunyanyua besi ya chini. Sebuleni ningekubali haraka zaidi.

SorotiBesi: Hesabu ya LiraMix ni sahihi, ila kwa wati 500 bomba moja la sm 10 litapuliza kelele ya upepo. Ukiweka mawili ya upana huo, kila moja linataka sm 62 ili ubaki 35 Hz, na hayaingii. Tumia mfereji wa mbao uliokunjwa kufuata ukuta, au punguza sauti. Pia washa kichujio cha ampu, ukate chini ya 30 Hz. Chini ya noti ya bomba hewa haiishiki spika tena. Koni inaruka ovyo na koili inagonga bamba la nyuma.

JinjaSauti: Na yale ya vyumba viwili, spika imefichwa ndani?

SorotiBesi: Kelele nyingi kwenye noti chache, nyingine zinamezwa. Halafu husikii spika ikianza kulalamika. Unanusa tu koili ikiungua.

LiraMix: Basi bomba moja, na sauti uipunguze. Lita 55 ni hewa tupu. Ongeza 3 za spika na 3 za bomba. Ndani sm 50 × 41 × 30, MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa) ya mm 18. Laza bomba kufuata ile 41, mdomo wa ndani ubaki sm 13 kutoka ukutani.

FundiNdeeba: Na silikoni ikauke siku nzima kabla ya kufunga spika. Mvuke wake mkali hula gundi ya koni.